Hivi Wajapani wamezaliwa na jicho la vitu vidogo au wamefundishwa? (Ndoano ya Kirikuu yangu)

#1 DerevaBuza
Wakuu, habari za jioni. Nina Kirikuu, Suzuki Carry, nimeichukua mwaka jana ikitoka Japani moja kwa moja. Kazi yake ni magodoro, mbao na saruji.

Juzi nimekwama foleni ya Tazara, mvua inamwagika, nina mfuko wa chipsi na soda ya chupa, na chini miguuni ni tope tupu. Nikawa natafuta pa kuuweka. Chini ya dashibodi kuna kidude cha plastiki kama kidole gumba ambacho miezi yote nilidhani ni kipande kilichobaki baada ya kitu kuvunjika. Nikakibonyeza, kikachomoka. Ndoano! Nikatundika mfuko wangu. Haugusi gia, haugusi goti, na nilipokata kona ya Veterinari soda haikumwagika hata tone.

Siku ya tatu leo nawaza. Kuna mtu huko Japani alikaa ofisini, analipwa mshahara, akajiuliza: huyu dereva wa kigari cha mzigo atakuwa na mfuko wa chakula, atautia wapi? Akatengeneza ndoano. Haikumtosha, akaifanya iingie ndani isipotumika ili isimkwaruze mtu goti. Na hiki ni kigari cha kazi, si Land Cruiser ya waziri!

Swali langu: wenzetu wamezaliwa na jicho hili, ni dini, ni malezi, au kuna kitu wamefundishwa? Halafu pembeni ya ndoano pana maandishi madogo ya Kijapani. Gereji nzima hakuna anayeyajua. Nikipata mwanga mzuri nitaweka picha.

#2 MchuuziGerezani
Ndoano hiyo usiivunje mkuu. Watu wanakuja kuitafuta wanaikosa. Nimeweka kigoda.

#3 Mzaha_Mtupu
Hayo maandishi ni haiku, lile shairi fupi la Kijapani, hakuna kingine. Nimeshaitafsiri:

Foleni ndefu
soda haimwagiki
chipsi za moto

#4 Nagoya_KwaSasa
Salaam wote. Niko Nagoya mwaka wa nne huu, nasoma. DerevaBuza, hiyo ndoano ina jina lake kabisa: ndoano ya konbini. Konbini ni yale maduka madogo yanayofunguliwa saa 24. 7-Eleven ya kwanza ya Japani ilifunguliwa Tokyo mwaka 1974 na leo kila kona yapo. Fundi bomba au mkulima anasimama, ananunua chakula cha mchana kwenye mfuko, anarudi garini kulia humo humo. Kwa hiyo usitafute dini hapo. Mtu alimtazama mteja wake anavyokula, basi.

Ila jambo kubwa zaidi ni sheria. Kirikuu ni gari la daraja la kei. Sheria inasema urefu usizidi mita 3.40, upana 1.48, kimo mita 2, injini isizidi sisi 660. Ukizidisha sentimita moja gari linatoka kwenye daraja hilo na kodi inapanda. Sasa weka mahandisi wa kampuni kadhaa wanagombea mteja mmoja ndani ya kisanduku kile kile. Atakayeshinda ni yule aliyeona pa kuweka ndoano.

Na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350, naomba nikukumbushe.

#5 DerevaBuza
Kilo 350?? Ijumaa nimepeleka mifuko 14 ya saruji Chanika na imepanda kilima.

#6 MtuWaProbox
Mifuko 14 ni kilo 700 boss. Hiyo Kirikuu ikijua kusoma hayo maandishi itakuacha barabarani.

#7 Ustadh_wa_Amu
Ndugu zangu, hili la Nagoya_KwaSasa la sheria ya vipimo limenigusa, maana kwetu Amu twalijua tangu zamani. Nyumba zetu za mawe, vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu au karibu na tatu. Mgeni husema waswahili walipenda vyumba vyembamba. La! Dari yabebwa na boriti za mikoko, na boriti imara haiwi ndefu zaidi ya hapo. Mkoko ndio uliopima chumba. Basi fundi, kwa kuwa hawezi kwenda upande, akaingia ukutani: akachonga zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea kauri na vitabu, mpaka ukuta wenyewe ukawa pambo.

Japani chumba chapimwa kwa mikeka ya tatami, chumba cha mikeka sita, cha minne na nusu, na mkeka mmoja ni kama sentimita 90 kwa 180. Kila kitu chafuata kipimo hicho. Kwa hiyo mimi nasema jicho halizaliwi, jicho hubanwa.

Na wewe Mzaha_Mtupu, mstari wako wa tatu una mizani sita. Chi-p-si-za-mo-to. Haiku ni tano, saba, tano.

#8 Mzaha_Mtupu
Ustadh, Dar tunatamka "chipsi" kwa mizani mbili, haraka haraka, kabla mafuta hayajapoa.

#9 Bint_Forodhani
Jamani mbona mnaikimbia roho ya jambo? Sheria ya magari ni ya juzi tu. Hayo mapenzi ya kitu kidogo na kisicho na makeke yametoka kwenye sherehe yao ya kuandaa na kunywa chai. Sen no Rikyū, aliyefariki 1591, alikuwa bingwa wa chai. Kipo chumba kinachosemwa ni chake, Tai-an, karibu na Kyoto, hazina ya taifa: eneo la mgeni na mwenyeji ni mikeka miwili tu! Kuta za udongo, madirisha madogo, mwanga wa kuchungulia. Mlango wake ni kitundu, mtu anaingia kwa magoti, awe tajiri awe jemadari, na upanga unabaki nje kwa sababu haupiti. Ukishaingia hivyo, utaacha kutazama bakuli lililo mbele yako? Huna kingine cha kutazama.

Mimi hilo naliita adabu. Na kwetu adabu hiyo ipo: viatu mlangoni, hodi, pazia, mgeni apewe kikombe kizuri kuliko cha mwenye nyumba.

#10 MpingaMkumbo
Nilijua tu chai ya Rikyū itafika. Bint_Forodhani, malizia hadithi basi. Huyo Rikyū alikuwa akimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani zama zile, ambaye alikuwa na chumba cha chai cha DHAHABU, kinabomolewa na kubebwa kama hema ili akawatambie watu. Na mwisho wa Rikyū ni Hideyoshi kumwamuru ajiue. Kwa hiyo katika zama zile zile, nchi ile ile, kulikuwa na jicho la udongo na jicho la dhahabu, na la dhahabu ndilo lililokuwa na jeshi.

Tena Hideyoshi huyo huyo aliivamia Korea, 1592 hadi 1598, na majeshi yake yakarudi na wafinyanzi wa Kikorea. Kauri zinazosifiwa za mji wa Arita huko Japani zilianzishwa na hao. Hata mabakuli ya chai yaliyopendwa kuliko yote, yanayoitwa ido, ni mabakuli ya Kikorea, na wengi husema yalikuwa ya kulia wali wa watu wa kawaida. Mkorea alilifinyanga haraka ili ale. Mjapani akaliona, akalifungia kwenye sanduku juu ya sanduku. Nani hapo ana jicho?

#11 Bint_Forodhani
Aliyeliona ndiye mwenye jicho. Umejijibu mwenyewe 😂

#12 SeremalaKeko
Wakuu mimi si msomi, nichangie la mkononi. Miaka sita nyuma nilipata msumeno wa Kijapani kwenye mtumba. Nilidhani ni mbovu, kila nikisukuma unajikunja. Mzee mmoja akanicheka, akaniambia vuta, usisukume. Kumbe misumeno yao inakata ukivuta. Randa zao vilevile, zinavutwa.

Tafakarini. Bati ukilisukuma linajikunja, kwa hiyo msumeno wetu wa kusukuma lazima uwe mnene ili uhimili. Wa kuvuta unajinyoosha wenyewe, basi unaweza kuwa mwembamba kama karatasi, na mkato wake ni mstari wa nywele. Mkato ukiwa hivyo kiungo kinakaa bila gundi na bila msumari. Sasa mtu akiona kabati la Kijapani halina msumari anasema ni falsafa. Mimi naona ni msumeno.

#13 MamaVyombo
Asante SeremalaKeko, hapo umesema. Mimi nauza vyombo vya mtumba, na robota ikiwa na vya Japani navijua nikiwa nimefumba macho. Geuza bakuli. Chini kuna kitako kilichoinuka, unapenyeza vidole pale, uji ukiwa wa moto huungui. Wenzetu wanakula bakuli likiwa mkononi, wananyanyua hadi mdomoni. Sisi sahani ipo chini mkekani au mezani, hatuinyanyui, ndiyo maana masahani yetu yana matumbo mapana. Wateja wangu wanayapenda mabakuli hayo lakini wanayatumia kuwekea chumvi.

Nina swali la pembeni. Nimevunjikiwa na bakuli moja zuri sana, vipande vitatu. Mwanangu ananionyesha kwenye simu wanaunga kwa dhahabu. Hiyo kazi inafanyikaje, na je, naweza kuifanya Temeke?

#14 Nagoya_KwaSasa
MamaVyombo, inaitwa kintsugi. Nilijaribu hapa kwenye darasa la wikendi, nikutahadharishe. Dhahabu ni unga kidogo tu wa juu kabisa. Kinachounga ni utomvu wa mti unaoitwa urushi, mti unakuzwa miaka 10 hadi 15, unatoa kama gramu 200 tu, kisha unakatwa. Utomvu mbichi ukikugusa ngozi inawasha na kutoka malengelenge. Mimi nilikuna mikono wiki mbili mpaka mwenye nyumba wangu akaniuliza kama nina ugonjwa.

Na si gundi ya kukauka juani. Urushi inakomaa kwenye UNYEVU. Unaweka bakuli kwenye sanduku lenye kitambaa kibichi, unangoja siku kadhaa, unasugua, unapaka tena. Kazi nzima ni wiki kwa wiki, wengine miezi. Hizo za kwenye simu za dakika tano ni gundi ya kemikali na rangi ya dhahabu. Kwa pambo sawa, kwa kulia usiitumie.

#15 MamaVyombo
Unyevu? Basi Temeke masika tutaunga hata madaraja.

#16 KoroshoNyeupe
Nagoya_KwaSasa, hiyo urushi ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, ndiyo maana inababua. Sisi wa Newala mafuta ya ganda la korosho tunayajua, ukibangua bila majivu mikono inachunika. Na si hadithi tu: Japani wenyewe wanauza rangi inayoitwa kashū, inatengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, inatumika badala ya urushi kwa sababu inafanana na ni rahisi. Sasa jiulizeni, sisi korosho yetu nyingi inapanda meli ikiwa na ganda lake...

#17 MpingaMkumbo
Mada ya korosho ina uzi wake, kaka, ukianza hapa hatulali.

#18 KoroshoNyeupe
Sawa. Lakini nimesema.

#19 Bint_Forodhani
Kuhusu kintsugi, asili yake ni nzuri mno. Shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani ya kale, Ashikaga Yoshimasa, bakuli lake lilipasuka, akalipeleka China likatengenezwe, likarudi limebanwa kwa pini za chuma, likamchukiza. Akawaambia mafundi wake watafute njia ya kupendeza. Ndipo dhahabu ikazaliwa.

#20 Ustadh_wa_Amu
Dadangu, hapo nakurekebisha kwa mapenzi. Bakuli lenyewe lipo, liko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, la kauri ya kijani ya China, na PINI ZAKE BADO ZIMO. Walilipa jina la nzige, kwani pini zile zakaa kama nzige ametua. Hadithi ya kale yasema Yoshimasa aliomba bakuli jengine la mfano huo, Wachina wakajibu hakuna tena lililo zuri kama hili, wakalibana na kulirudisha. Na watu wa chai wakalipenda na pini zake. Hilo la kuchukizwa mpaka dhahabu ikazaliwa wameliongeza wasimulizi. Bakuli laeleza kinyume.

Nami nina shahidi nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sahani ya kauri ya maua ya buluu imetiwa ribiti tatu nyuma. Alipita fundi, akatoboa tundu ndogo kwa keekee, akabana. Ilikaa kwenye kidaka miaka yote, uso mbele, ribiti ukutani. Tofauti na wale ndiyo hiyo: bibi alizificha.

#21 MamaVyombo
Bibi yangu mimi alikuwa akishona kibuyu kwa ukili kikipasuka. Nacho hakikufichwa, ushono ulikuwa umepangwa kama kovu la kutahiriwa. Hakuna aliyempigia picha.

#22 Bint_Forodhani
Ustadh nimekubali, na nimejifunza. Ila kwa MamaVyombo: hapo ndipo penye uchungu. Kibuyu chenye ushono kilikuwa cha maskini mpaka mgeni akinunue.

#23 MpingaMkumbo
Na huko Japani ni hivyo hivyo, msidhani. Kaskazini, upande wa Tsugaru, baridi ilikuwa kali pamba haioti. Wanawake walishona kiraka juu ya kiraka kwa uzi mweupe ili nguo izuie upepo. Waliziita boro, yaani matambara, na walizionea haya. Leo boro inauzwa bei ya ng'ombe kwa watu ambao hawajawahi kukosa shati.

Tena nyie mnaosifu, hebu tazameni picha za mitaa ya Tokyo. Nyaya za umeme kama Kariakoo. Biskuti inafungwa moja moja, kisha kwenye trei, kisha boksi, kisha mfuko. Nagoya_KwaSasa, nimesema uongo?

#24 Nagoya_KwaSasa
Kweli tupu. Nimewahi kununua ndizi MOJA imevishwa plastiki yake. Na nyumba za mbao hapa kwa hesabu za kodi uhai wake ni miaka 22. Baada ya hapo nyumba inahesabiwa karibu na bure, mnunuzi mara nyingi anabomoa. Watu wanaounga bakuli kwa dhahabu wanabomoa nyumba ya umri wangu. Taa za chumba changu nazo ni nyeupe kali kama za zahanati.

#25 SeremalaKeko
Kubomoa si lazima kuwe kutojali. Kuna hekalu la Ise wanalijenga upya kila miaka 20, pembeni ya la zamani, vipimo vile vile. Mara ya mwisho 2013, ijayo 2033. Mimi nikisikia hivyo naona jambo la fundi: kijana wa miaka 20 anajenga akiwa anashika mbao tu, wa 40 anaongoza, wa 60 anasimamia. Ufundi haupotei. Hapa Keko mzee aliyejua kuchonga milango ya Kizanzibari amekufa na patasi zake.

#26 MtuWaProbox
Nakuru hapa. Mimi gari yangu inaniongelesha Kijapani kila asubuhi nikiwasha. Sauti ya mwanamke, polepole, heshima nyingi. Mke wangu aliponisikia mara ya kwanza kwa simu aliuliza ni nani huyo uko naye saa kumi na mbili asubuhi. Ikabidi nimwite aje asikie gari. Nilikuwa nadhani ananiambia habari ya asubuhi, kumbe wanasema ni kile kisanduku cha kulipia barabara kinalalamika hakina kadi.

Kwa mada: mnasahau kwamba neno lao moja limetembezwa duniani na mama yetu Wangari Maathai. Alienda Japani 2005, mwaka mmoja baada ya Nobeli, akasikia neno mottainai, yaani ni hasara na ni aibu kukitupa kitu ambacho bado kina thamani yake. Akalibeba kila mkutano. Wajapani wenyewe walikuwa wamelizoea kama neno la nyanya wa kijijini, wakashtuka kulisikia kutoka kwa Mkenya. Kampeni ikaanzishwa.

#27 Mzaha_Mtupu
"Kisanduku kinalalamika hakina kadi." Hiyo ndiyo ndoa ya mtu wa Probox kwa ufupi.

#28 Bint_Forodhani
Na mwaka uliofuata, 2006, waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alitoa kitambaa alichokiita furoshiki ya mottainai ili watu waache mifuko ya plastiki. Furoshiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia kitu chochote: chupa, tikiti, zawadi, kitabu. Nilipoziona zile funga zake nikacheka peke yangu. Kanga! Mama yangu akienda shamba Donge anafunga mihogo kwenye kanga, akirudi ile kanga anajitanda.

Isitoshe, kanga nyingi walizovaa mabibi zetu katikati ya karne iliyopita zilichapwa huko huko Japani. Mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja anapeleka mchoro na jina, meli inarudi na marobota. Ninayo moja ya bibi, upande wa pindo imeandikwa imetengenezwa Japani, na jina lake ni la kupigana vijembe na mke mwenza. Huyo fundi aliyepanga zile herufi alijua anachochea ugomvi wa Ng'ambo?

#29 Ustadh_wa_Amu
Bibie, tuandikie hilo jina.

#30 Bint_Forodhani
Siandiki, mke mwenza ana wajukuu humu.

#31 Chaki_na_Rula
Nafundisha sanaa sekondari, nimesoma kimya tangu mwanzo. DerevaBuza aliuliza wamezaliwa au wamefundishwa. Jibu langu: wamefundishwa, na tarehe zipo. Miaka ya hamsini mali ya Japani ililalamikiwa nje kwa kunakili dizaini za watu. Serikali ikaanzisha mwaka 1957 alama ya dizaini bora, ile ya G, kuwasukuma wenye viwanda wabuni vyao. Kabla ya hapo, miaka ya ishirini, Yanagi Sōetsu na wenzake walibuni neno mingei, sanaa ya watu, wakazunguka vijijini kukusanya vyungu na vikapu vya mafundi wasio na majina, na mwaka 1936 wakafungua jumba lake Tokyo. Yaani hata Wajapani ilibidi waambiwe: tazameni vyungu vyenu. Mwanawe, Sori Yanagi, ndiye aliyebuni kile kigoda cha kipepeo cha 1954, mbao mbili zilizopindwa zikaegemeana.

Halafu chupa ya Kikkoman, ile yenye kofia nyekundu ambayo mchuzi wa soya haudondoki mdomoni. Kenji Ekuan, 1961. Alihangaika nayo kama miaka mitatu, sampuli zaidi ya mia. Huyu babake alikuwa kasisi wa Kibudha Hiroshima. Bomu lilimuua dada yake, na baba akafuata mwaka mmoja baadaye kwa mionzi. Ekuan alifunzwa kuwa kasisi, kisha akaacha, akaenda kubuni vyombo vya nyumbani, treni na pikipiki za Yamaha. Alirudi kwenye mji usio na kitu hata kimoja. Mimi nikishika ile chupa siwazi Zen, ile tafakuri ya Kibudha.

#32 DerevaBuza
Mwalimu umenituliza. Hilo sikulijua.

#33 MtuWaProbox
1961 ndiyo mwaka Suzuki walitoa Carry ya kwanza pia.

#34 MchuuziGerezani
Na Uhuru wa Tanganyika. Chupa, Kirikuu na sisi ni rika moja. Wawili wamefanyiwa matoleo mapya.

#35 MpingaMkumbo
😂 Mchuuzi leo umeamkaje?
Chaki_na_Rula, nakubaliana nawe nusu. Serikali nyingi zimetoa alama za ubora. Kwetu pia alama zipo. Mbona ndoano haikutokea?

#36 Chaki_na_Rula
Kwa sababu ndoano inahitaji mteja anayelalamika. Mteja wa Japani akikwaruzwa goti anaandika barua. Wewe ukikwaruzwa unasema "gari ndivyo lilivyo".

#37 AsiyeonaMbali
Naomba niingie. Naona kwa shida sana tangu utotoni. Rafiki aliniletea shampuu kutoka Japani, chupa ina michirizi ubavuni, chupa ya dawa ya kulainisha nywele ni laini. Ukiwa umefumba macho na povu unajua ipi ni ipi. Kampuni ya Kao ilianza 1991, wengine wakafuata. Vile vigae vya njano vyenye vinundu kwenye vituo vya treni duniani kote navyo ni vyao: Seiichi Miyake alivibuni 1965, vikatandikwa mara ya kwanza Okayama 1967. Mnabishana kuhusu uzuri wa kutazama. Uzuri ninaoujua mimi unapatikana kwenye nyayo.

#38 MamaVyombo
Karibu sana ndugu yangu. Mimi bakuli nalo nalijua kwa vidole, nilisema juu.

#39 DerevaBuza
Wakuu, picha hiyo hapo. Nimefuta vumbi kwa mswaki. Nagoya_KwaSasa, tusomee. Kabla hajajibu kila mtu aseme anadhani ni nini.

#40 Bint_Forodhani
Shukrani kwa dereva. Au dua ya safari.

#41 Ustadh_wa_Amu
Jina la fundi.

#42 SeremalaKeko
Namba ya kiwanda.

#43 Mzaha_Mtupu
Chipsi za moto. Mizani tano.

#44 Nagoya_KwaSasa
Imeandikwa: uzito usizidi kilo 1.

#45 MpingaMkumbo
NIMEKUFA. Kurasa tatu za Zen.

#46 Bint_Forodhani
Cheka tu. Mtu aliyejisumbua kumwambia dereva wa mzigo kwamba kindoano hiki mwisho wake kilo moja, tena kwa herufi zilizopangika, bado ni mtu wa adabu.

#47 MpingaMkumbo
Ni mwanasheria wa kampuni, Bint.

#48 DerevaBuza
Wakuu, nina jambo la kukiri. Jana jioni, kabla ya kusomewa, nilitundika sukari kilo tano na dumu dogo la mafuta. Leo asubuhi nimekuta ndoano iko sakafuni na sukari imekutana na lile tope la Tazara.

#49 Nagoya_KwaSasa
Mifuko 14 ya saruji nyuma, kilo tano mbele. Angalau una msimamo.

#50 Mzaha_Mtupu
MamaVyombo, ile urushi inaunga plastiki?

#51 MchuuziGerezani
Ninayo moja, imetoka kwenye Carry iliyogongwa nyuma. Haina mkwaruzo. Elfu kumi na tano.

#52 DerevaBuza
Kumi na tano kwa kidole gumba cha plastiki?

#53 MchuuziGerezani
Umekiandikia uzi mzima mkuu. Njoo na elfu kumi na mbili, kabla ya saa kumi na moja.